Simu yako imerekodi shoo yote, lakini besi iko wapi?

Hebu toa simu yako sasa hivi. Fungua video zako, rudi nyuma hadi Jumamosi iliyopita, utafute ile klipu uliyochukua kwenye shoo. Pengine ulikuwa Nyeri mjini, pengine Karatina, Nanyuki, Kerugoya au Embu. Ni ile klipu uliyomtumia mtu saa saba usiku ukamwambia, "Umekosa!" Icheze tena, lakini safari hii usimtazame mwimbaji.

Unasikia nini? Mwimbaji yupo. Gitaa lipo. Rafiki yako anayeimba vibaya karibu na simu, huyo yupo kabisa, hata hukumwalika. Chupa zinagongana. Sasa mtafute yule msee aliyesimama nyuma kidogo, karibu na drams, ameshika gitaa lenye shingo ndefu na nyuzi nne nene. Unaona vidole vyake vikitembea. Sauti yake haipo.

Na usiku ule ilikuwepo. Uliisikia kifuani, uliisikia kwenye meza, hata soda kwenye glasi ilikuwa inatetemeka. Ndiyo iliyokutoa kitini. Mlipojipanga kwa msururu wa mugithi, kila mtu ameshika mabega ya aliye mbele yake, miguu yenu ilikuwa inamfuata yeye, hata kama hamkujua.

Hilo ndilo tunataka kuongea nawe wiki hii. Katika miji yetu ya Mlima Kenya muziki unapigwa jukwaani kila wikendi, na kila mtu ana kamera mfukoni, lakini kazi ya wapiga besi wetu inapotea usiku uleule inapofanywa. Sisi tunasema inaweza kuokolewa, tena bila pesa nyingi. Na tunasema wa kuiokoa ni wewe, kwa sababu wewe ndiye unayekuwa pale na simu mkononi.

Kwanza tuelewane kuhusu simu. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Hiyo ni sauti ya chini mno. Ili uisikie vizuri unahitaji spika yenye upana wa kusukuma hewa nyingi, na spika ya simu ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Haiwezi. Halafu kuna jambo la pili: ukumbi ukiwa na kelele, simu hujipunguzia sauti yenyewe ili isizidiwe, na mara nyingi kinachobaki juu ni vitu vikali kama sauti ya watu na matoazi ya drams. Ukivaa earphone nzuri utapata besi kidogo, lakini inakuja imekwaruzwa kama redio iliyokosa stesheni. Kwa hivyo usimlaumu mpiga besi. Alipiga. Ni chombo chako ambacho hakikumsikia.

Sasa utauliza, kwani kuna shida gani? Si nyimbo ziko studio, zimerekodiwa vizuri, ziko mtandaoni? Ndiyo, ziko. Lakini kwa mpiga besi, studio ni nusu ya habari tu, wakati mwingine hata si nusu. Kuna mtu mmoja ambaye maisha yake yanaonyesha jambo hili kuliko mtu yeyote, na ingawa hakuwa wa huku, ukiyajua yake utawatazama wa huku kwa jicho lingine.

Anaitwa Jaco Pastorius. Alizaliwa Pennsylvania, Marekani, tarehe 1 Desemba 1951, akakulia Fort Lauderdale, mji wa pwani kule Florida. Alianza kama mpiga drams. Mkono ukaumia akicheza futboli ya Kimarekani, drams zikamshinda, akahamia besi. Gitaa la besi la kawaida lina vyuma vidogo vinavyokatiza shingo, vya kumwonyesha mpigaji noti inaanzia wapi. Jaco aliving'oa kwenye gitaa lake la Fender, akaziba mianya, kisha akapaka shingo yote ile gundi ngumu inayotumika kwenye mashua. Hakuwa wa kwanza kupiga besi isiyo na vyuma. Lakini yeye ndiye aliyeifanya iimbe. Noti zake ziliteleza na kulia kama sauti ya mtu.

Mwaka wa 1976 alitoa albamu yake ya kwanza, iliyobeba jina lake, na wapiga besi dunia nzima wakakaa chini. Kabla yake, wengi walimchukulia mpiga besi kama mlinzi wa lango: asimame pale, asisumbue, asikike tu akikosekana. Jaco aliitoa besi nyuma akaiweka mbele. Mwaka huohuo akajiunga na Weather Report, bendi ya Joe Zawinul wa vinanda na Wayne Shorter wa saksafoni, na mwaka wa 1977 wakatoa albamu ya Heavy Weather ambayo mpaka leo utaipata kwenye simu ya kila mtu anayejidai kujua jazz.

Hizo ni za studio. Sasa sikiliza za jukwaani.

Mwaka wa 1979 Weather Report walitoa 8:30, na sehemu kubwa ya albamu hiyo ilirekodiwa mbele ya watu. Humo ndani kuna kipande kinaitwa Slang. Ni Jaco peke yake. Anapiga kifungu kifupi, kifaa kidogo kinakinasa na kukirudiarudia, naye anaanza kupiga juu yake. Mtu mmoja anageuka kuwa wawili, halafu bendi nzima. Unasikia watu wakipiga kelele kwa sababu hawaamini wanachokiona. Leo kila msanii ana programu ya kufanya hivyo kwenye laptop. Wakati ule, mpiga besi kusimama peke yake mbele ya ukumbi uliojaa na kuuteka bila mwimbaji, ilikuwa habari.

Kisha kuna kitu kinachotuhusu sisi moja kwa moja. Kati ya 1978 na 1981 fundi wa mitambo wa Weather Report, Brian Risner, alikuwa akirekodi shoo kwenye kaseti. Kaseti za kawaida tu, zile ambazo babako alikuwa akizirudisha kwa kalamu. Hakuna aliyekuwa anatengeneza albamu. Zilikuwa za kusikiliza baadaye, kuona usiku ulikwendaje. Miaka ikapita, bendi ikavunjika. Mwaka wa 2015 Peter Erskine, aliyekuwa mpiga drams wao, akasaidia kuzitoa kaseti hizo kama CD nne, zikiitwa The Legendary Live Tapes. Wakati huo Jaco alikuwa amefariki miaka 28 iliyopita. Zawinul pia alikuwa ameshakufa. Ubora wa sauti si wa studio, na hakuna anayejali. Unamsikia Jaco akikimbia, akikosea, akicheka na makosa yake kwa vidole, akiubadilisha wimbo uleule kutoka mji hadi mji. Na yote hayo tunayo kwa sababu fundi wa mitambo alikuwa na tabia ya kubonyeza kitufe.

Kuna nyingine. Tarehe 1 Desemba 1981 Jaco alikuwa anatimiza miaka 30. Hakufanyia sherehe New York wala Los Angeles. Alirudi nyumbani Fort Lauderdale, akaijaza klabu bendi kubwa yenye ala za kupuliza, wakapiga usiku huo. Shoo ya nyumbani, ya bathdei, mbele ya watu wa mtaa. Ikarekodiwa, na mwaka wa 1995 ikatoka kama The Birthday Concert. Ukiulizwa uanzie wapi kumsikiliza, anzia hapo. Unasikia mtu aliye kwao.

Na tarehe 27 Juni 1982, katika ukumbi wa Avery Fisher kule New York, alipiga na bendi kubwa akiwa na Toots Thielemans wa harmonika. Kituo cha redio ya umma kilirekodi shoo nzima, kikarusha sehemu tu. Kanda zilihifadhiwa. Mwaka wa 2017, miaka 35 baadaye, shoo yote ikatoka kwa jina la Truth, Liberty & Soul.

Umeona mtindo? Fundi wa mitambo. Sherehe ya bathdei. Redio iliyotunza kanda zake. Hakuna kati ya hao aliyejua anatunza historia. Walirekodi, wakaandika tarehe, wakaweka mahali pakavu.

Utasema hizo ni mambo za Wamarekani. Haya, njoo Afrika. Richard Bona alizaliwa Kamerun mwaka wa 1967. Akiwa kijana pale Douala, mwenye klabu mmoja alimtaka aunde bendi ya jazz, akampa rundo la santuri ajifunzie. Moja ilikuwa ile albamu ya kwanza ya Jaco. Bona amesimulia mara nyingi kwamba alipoisikia alidhani mashine inazungusha santuri kwa kasi isiyo yake, kwa sababu aliamini besi haiwezi kupigwa hivyo. Alipojua ni kweli, aliacha gitaa la kawaida akashika besi. Leo ni mmoja wa wapiga besi wakubwa duniani, na anaimba kwa Kiduala popote anapokwenda. Mwaka wa 2008 naye alitoa albamu ya jukwaani, Bona Makes You Sweat. Santuri moja ilivuka bahari, ikaingia mikononi mwa kijana mmoja, maisha yake yakageuka. Isingerekodiwa, isingefika.

Sasa turudi nyumbani, tena taratibu, kwa sababu hapa ndipo shida ilipo.

Neno jazz si geni kwetu. Wazee wetu walilipenda hadi wakalifanya jina la bendi: Shirati Jazz ya D. O. Misiani, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Western Jazz, Dar es Salaam Jazz. Muziki wao haukuwa wa Weather Report. Kwao jazz ilimaanisha bendi ya dansi yenye magitaa ya umeme. Na ndani ya dansi na benga besi haikuwa mlinzi wa lango hata siku moja. Iliongea.

Chukua Sina Makosa ya Les Wanyika, wimbo wa mwisho wa miaka ya 1970. Bila shaka unaujua. Umepigwa kwenye kila harusi uliyowahi kwenda. Mpiga besi ni Tom Malanga. Usikilize tena leo usiku, umfuate yeye tu. Anapiga noti chache, ananyamaza, anaingia pale usipomtarajia, anaacha nafasi ambayo mwili wako unaijaza wenyewe. Mtu yeyote wa Afrika Mashariki anaweza kuiimba besi hiyo kwa mdomo. Lakini waulize watu kumi jina la aliyeipiga. Utapata majibu mangapi?

Huku kwetu mlimani hadithi ni hiyohiyo, na imeongezwa kizingiti. Joseph Kamaru, aliyezaliwa Kangema mwaka wa 1939, alirekodi nyimbo kwa miongo mingi, na alipofariki mwaka wa 2018 aliacha hazina. Hazina hiyo haikubaki kwenye masanduku, kwa sababu mjukuu wake, anayeitwa pia Joseph Kamaru na kujulikana duniani kama KMRU, ameziweka kazi za guka wake mtandaoni ili kizazi chetu kizisikie. Ketebul Music nao mwaka wa 2010 walitoa Retracing Kikuyu Popular Music, kazi ya kufuatilia safari ya muziki wa Wakikuyu. Heko kwao. Lakini kazi kama hizo huanza na kilichorekodiwa. Kile ambacho hakikunaswa hakina mjukuu wa kukiokoa.

Na kuanzia miaka ya 1990, muziki wetu wa wikendi ukaingia zama za one-man guitar. Mugithi, kama unavyojua, ni treni, na ndiyo maana mnajipanga kama mabehewa. Dereva wa treni hiyo mara nyingi ni mtu mmoja na gitaa moja. Sikiliza mkono wake wa kulia. Kidole gumba kinashughulikia nyuzi nene, vidole vingine vinapiga wimbo juu yake. Gumba hicho ndiyo besi. Mtu mmoja anafanya kazi ya wawili, kama Jaco na kifaa chake kwenye Slang, ila huyu hana kifaa. Ni ufundi mkubwa, na hatuudharau hata kidogo. Tunachosema ni kwamba kwenye video yako gumba hicho nacho hakisikiki.

Kizingiti chenyewe ni hiki. Mwenye klabu anapopunguza bajeti, nani anaondoka kwanza? Si mwimbaji, huyo ndiye aliye kwenye bango. Si mpiga gitaa, huyo anasikika kwenye klipu. Ni yule ambaye hakuna ushahidi kwamba alikuwepo. Kinanda kinaweza kupiga besi kwa mkono wa kushoto, laptop inaweza kuleta besi iliyotengenezwa tayari, na mteja aliyezoea kuusikia muziki kupitia spika ya simu hatajua kilichoondolewa. Atasema tu, "Leo shoo ilikuwa baridi," asijue kwa nini.

Na huyo msee akienda kutafuta kazi Nairobi, atamwonyesha nini mtu? Mwimbaji anatuma kiungo. Mpiga besi anatuma video ambayo yeye mwenyewe ni picha isiyo na sauti.

Cha kushangaza, kuna mahali besi ya vijana wetu inasikika vizuri: kanisani. Wapiga besi wengi wa miji hii walijifunzia huko, na makanisa mengi siku hizi hurusha ibada mtandaoni kwa kuchukua sauti moja kwa moja kutoka kwa miksa. Kwa hivyo kijana huyohuyo anaweza kupotea kabisa kwenye rekodi ya Jumamosi usiku, halafu Jumapili asubuhi akasikika hadi Dubai, kila noti mahali pake. Vidole ni vilevile. Tofauti ni waya mmoja.

Waya huo ndio tunaouomba. Ukiwa na bendi, au ukiwa rafiki wa bendi, au ukiwa tu yule mtu anayependa kusimama karibu na mitambo, fanya hivi.

Ongea na fundi wa mitambo mapema, kabla watu hawajajaa. Miksa nyingi zina tundu la kutoa sauti ya kurekodi. Unganisha laptop, au kirekodi kidogo, au hata simu ya pili yenye kifaa cha kuunganishia. Hakikisha besi imeingia kwenye miksa. Katika kumbi ndogo besi mara nyingi hutoka kwenye spika yake yenyewe pale jukwaani bila kupitia miksa, na hapo utarekodi kila kitu isipokuwa yeye. Weka simu ya kwanza katikati ya ukumbi ichukue watu na vigelegele. Baadaye zichanganye hizo mbili. Rekodi bila watu ni kavu, na watu bila besi ndiyo shida tuliyoanza nayo.

Ukimaliza, andika. Jina la faili lisiwe nambari zilizojipanga tu. Andika tarehe, mji, jina la bendi, na jina la kila mpigaji pamoja na ala yake. Ndiyo, na mpiga besi. Kama humjui jina, nenda umuulize, hatakuuma. Hifadhi nakala mbili mahali pawili, kwa sababu simu huanguka kwenye sinki na laptop huibwa kwenye matatu. Kisha wape bendi nakala yao.

Na kabla ya yote hayo, omba ruhusa. Hapa hatufanyi mchezo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 inamlinda mpigaji jukwaani: yeye ndiye mwenye haki ya kukubali au kukataa kazi yake irekodiwe, na kukubali au kukataa isambazwe. Klipu ya kumtumia rafiki ni jambo moja. Kurekodi shoo nzima kutoka kwa miksa na kuipandisha YouTube uchume pesa za matangazo huku wapigaji hawajui, hiyo ni kumla mtu jasho.

Na kuna sababu nyingine ya kuomba ruhusa, ambayo pia tunaipata kwa Jaco. Maisha yake hayakuisha vizuri. Aliugua ugonjwa wa akili unaomrusha mtu juu kwa furaha isiyo na breki, kisha unamwangusha, na pombe na dawa za kulevya zikaongeza moto. Alipoteza kazi, akapoteza nyumba, akawa analala nje New York. Lile gitaa lake maarufu likaibwa. Mnamo Septemba 1987, kwenye mlango wa klabu moja karibu na kwao Florida, alipigwa vibaya na mtu wa klabu hiyo. Alifariki tarehe 21 mwezi huo. Alikuwa na miaka 35.

Baada ya kifo chake zilitoka rekodi nyingi za klabu za miaka yake ya mwisho, juzuu baada ya juzuu. Baadhi zina dakika za ajabu. Lakini humo pia unamsikia mtu mgonjwa, anayerekodiwa na watu ambao pengine wangemfaa zaidi kama wangempeleka hospitali. Kwa hivyo tunaposema rekodini, hatusemi mkamrekodi mtu akiwa amelewa anayumba ili mpate likes. Kila mtu katika miji hii anamjua mwanamuziki mmoja ambaye kila mtu anamnunulia pombe na hakuna anayemuuliza amekula. Ukimrekodi mtu, mwangalie pia. Akisema usitoe hiyo ya leo, usitoe.

Kuna watakaotuambia kwamba utamu wa shoo ni kwamba inapita. Ulikuwepo au hukuwepo, basi. Tunaielewa hoja hiyo, na tungeikubali kama kila kitu kingepita sawa. Lakini havipiti sawa. Sura ya mwimbaji inabaki, mavazi yanabaki, hata yule jamaa aliyedondosha sinia la nyama anabaki na anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp hadi leo. Kinachopita ni besi peke yake.

Wengine watasema wapiga besi wa huku si akina Jaco, kwa nini tusumbuke? Jibu letu ni lile la Fort Lauderdale. Kabla ya 1976 Jaco alikuwa kijana wa mji mdogo anayepiga kwenye vilabu vya watalii na bendi za kukodishwa. Hakuna aliyekuwa anamngoja. Hujui nani anasimama nyuma ya drams pale Chaka au Othaya wikendi hii, na hutajua kama kila unachobaki nacho ni picha isiyo na sauti.

Vituo vyetu vya redio navyo visijifiche. Tangu Kameme FM ianze kurusha matangazo mwaka wa 2000, muziki wa hapa umepata nyumba hewani, na hilo ni jambo kubwa. Lakini kituo chenye mitambo ya kurekodia kikija Ruring'u kwa tamasha, kirekodi shoo nzima kutoka kwa miksa, kiitunze, kiandike majina. Ile ya 1982 ilingoja miaka 35. Hata yetu inaweza kungoja, mradi iwepo.

Wewe sasa. Kabla ya Jumamosi, vaa earphone usikilize Slang mara mbili: ya kwanza ushangae, ya pili uhesabu ni sauti ngapi zinatoka kwa mtu mmoja. Kisha weka The Birthday Concert ukiwa unapika au unafua. Malizia na Sina Makosa, umfuate Malanga kutoka mwanzo hadi mwisho. Masikio yako yakishazoea kwenda chini hivyo, hayarudi.

Halafu uende shoo. Fika mapema. Nunua soda, msalimie fundi wa mitambo, muulize kama besi imepita kwenye miksa. Na yule msee wa nyuma akishuka jukwaani kupumzika, mpe mkono umuulize jina lake kamili, na linaandikwaje.